Laptopu Iliyoamka Ikicheka Myanga

Mkasa huu sijawahi kuusimulia mpaka mwisho bila kusimama katikati nijifute jasho, na wale waliokuwepo siku hiyo wakianza kuusimulia wao, mimi hutoka nje kama mtu anayeenda kuangalia kama mvua inakuja. Aibu nimezionja nyingi (niliwahi kwenda kuhojiwa kazi nimevaa viatu viwili tofauti), lakini hii ya Myanga ni ya peke yake, kwa sababu niliipata nikiwa nimekaa kimya, nimefunga mdomo, na hema zima la watu likinisikia nikicheka. Kwenye kumbukumbu ya marehemu. Mbele ya mama mkwe. Haya, nimeshasema, sasa ngoja niwaeleze ilivyokuwa kabla sijabadilisha nia.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa na kibanda cha kompyuta Kitale, nyuma ya maduka ya wanunuzi wa mahindi, mimi na rafiki yangu Barasa. Tulichapa barua za watu, tukatibu mashine zilizoliwa na virusi, na kazi ikipungua tulibishana. Nilikuwa na laptopu, na enzi hizo mwenye laptopu hakuificha kwenye begi, aliibeba kwapani watu waione. Ilikuwa mtumba wa ng'ambo, betri imechoka, lakini ni laptopu. Mfumo iliokuja nao niliufuta nikaweka ule wa bure wenye alama ya pengwini, kwa sababu mbili: haukuogopa virusi, na ulinifanya nionekane najua. Sababu ya pili ndiyo iliyoniponza.

Mfumo ule haukuwa na draiva ya sauti ya laptopu yangu. (Draiva, kwa asiyejua, ni ile programu ndogo inayojua kuongea na kifaa kimoja tu, ya skrini inajua skrini, ya sauti inajua sauti, na kompyuta bila hizo ni kama bwana harusi asiye na mshenga.) Nikaitafuta mtandaoni, nikapata iliyoandikwa na mtu fulani huko mbali ambaye simjui hata jina, nikaiunganisha mwenyewe kwa amri ndefu ndefu huku Barasa akiniambia nalala njaa kwa kiburi. Siku iliyotoa sauti nilizunguka kibanda nikipiga makofi. Sikuuliza draiva hiyo inajua nini kingine.

Sasa Nafula. Nafula ni wa Myanga, na yeye alikuwa ameshanikubali. Waliokuwa bado ni mama yake na wazee wa ukoo, wakiongozwa na Baba mdogo Wekesa, ndugu wa marehemu baba yake. Mama alikuwa ameuliza swali moja tu, nikaletewa na Nafula likiwa moto: "Huyo kijana anafanya kazi gani hasa? Kukaa akiangalia televisheni?" Sikuwa na jibu la kumridhisha mama aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote.

Baba yake Nafula alifariki Nafula akiwa mdogo, hata sura yake haikumbuki. Picha ilibaki moja, na hiyo moja paa lilivuja juu yake, maji yakala upande mzima wa uso: jicho la kushoto, shavu, na kipande cha paji. Mwaka huo familia ikaamua kujengea kaburi simenti na kufanya kumbukumbu, ibada, chakula, watu waje. Nafula akaniuliza kama kompyuta inaweza kurudisha uso wa mtu. Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ndogo sana." Mdomo wangu huu!

Majibu yakarudi kutoka Myanga. Mama amefurahi. Hataki kuiona ile picha mapema. Anataka aione siku ya kumbukumbu, kubwa, kwenye shuka nyeupe ukutani, amwone mume wake pamoja na watu wote. Na Baba mdogo Wekesa naye akasema watu wakishakula, wazee watakaa kidogo kuzungumza habari ya ng'ombe zangu za mahari. Mnaelewa hapo. Jicho moja la marehemu lilikuwa limebeba posa yangu yote.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Na sikuweza kwenda kumuuliza Mama jinsi mzee wake alivyokuwa, maana mimi ni mtu wa Ndalu na wao ni watu wa Myanga, lakini mila ni ile ile: mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai meza moja, mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Kila neno linapitia kwa mtu, na mimi kwa kiburi sikumtuma yeyote. Kwa hiyo nilichukua jicho la kulia nikaligeuza liwe la kushoto, likakataa, likaonekana limebandikwa. Nikachukua picha ya kitambulisho ya Nafula nikaazima kidogo la kwake, kwa kuwa kila mtu alisema amefanana na baba. Jioni baada ya jioni. Barasa akanizoea nikiongea na nusu ya mtu.

Jicho lilikubali asubuhi ya siku yenyewe. Nilivuta kivuli kidogo chini ya kope, nikarudi nyuma, na ghafla kulikuwa na mtu mzima ananiangalia kutoka kwenye skrini. Nilikuwa sijahifadhi (faili lilikuwa zito, kila nikihifadhi mashine inaganda mpaka unasahau ulichotaka kufanya, kwa hiyo nilikuwa na tabia ya kuhifadhi nikimaliza kabisa), na kwenye diski kulikuwa na ile ya zamani tu, mzee wa jicho moja. Barasa akasema, "Si ujaribu spika kwanza? Wimbo usije ukakuaibisha huko." Maana picha ilikuwa itokee na tenzi ikipigwa polepole nyuma yake.

Nikachukua kilichokuwa karibu, video ambayo Barasa alinipiga na simu siku jogoo alipoingia kibandani, akapanda juu ya printa na kukataa kushuka. Katika video hiyo jogoo haonekani vizuri. Kinachosikika ni mimi nikicheka. Na kicheko changu, jamani, si kizuri. Kinaanza juu halafu kinapanda, na pale kileleni navuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Tukaiweka, spika zikafanya kazi vizuri sana, na kicheko kilipofika pale pale kileleni honi ikalia nje.

Ilikuwa pikapu ya Baba mdogo Wekesa. Alikuja Kitale kuchukua viti vya kukodi, na Baba mdogo Wekesa ni mtu wa haraka, akipiga honi mara moja, ya pili anaipiga akiondoka.

"Zima basi uende," Barasa akasema.

"Hii haizimwi bana," nikamjibu, "hii inalala." Nikafunika mfuniko, tap, nikatoka.

Uamuzi wenyewe ni huo. Kufunika badala ya kuzima. Ningesubiri kidogo tu, ningehifadhi, ningezima, leo ningekuwa mtu wa kawaida.

Niwaeleze kinachotokea humo ndani, maana mimi mwenyewe nilikuja kukielewa vizuri nikiwa nimechelewa. Kompyuta ina kulala kwa namna mbili. Kuna usingizi mzito: inaandika kila kitu kwenye diski kisha inajizima kabisa, hata ukichomoa betri ukaenda nayo safari, ikiamka inakuta vitu vyake. Huo kwangu haukuwezekana, kwa sababu siku ninaweka mfumo nilibana nafasi kwenye diski, nikasema nani atauhitaji. Halafu kuna usingizi mwepesi: vitu vyote vinabaki kwenye kumbukumbu, na umeme kidogo unavishikilia visianguke. Umeme ukiisha, vimeanguka. Na kabla ya kulala, mfumo unapita kwa kila draiva, moja moja, kama mama anayelaza watoto: wewe wa skrini umepanga vitu vyako? Wa diski je? Wa sauti? Kila draiva inatakiwa kuandika mahali kifaa chake kilipofika, ikizime, halafu ikiamshwa ikirudishe vile vile. Moja ikidanganya, nyumba nzima inaamka vibaya.

Tulikuwa bado hatujatoka vizuri mjini nilipohisi joto tumboni. Nilikuwa nimeikumbatia laptopu mbele, na ilikuwa ya moto. Kompyuta iliyolala hutakiwa kuwa baridi. Nikaangalia taa ya betri pembeni, nikaiona inapepesa rangi ya chungwa, yaani betri inakwisha.

Kuna kifaa humo ndani hakijalala. Na nilijua ni kipi. Nilikumbuka siku ninaunganisha ile draiva ya sauti nilipitisha macho kwenye maandishi yake, na ile sehemu ya kulala, mahali ambapo draiva nyingine zina mistari na mistari, yule bwana wa mbali alikuwa ameandika jibu moja tu: ndiyo. Mfumo ukiuliza umelala, inajibu ndiyo, huku haijapanga chochote na kifaa kiko macho kinakula betri. Nilipoiona siku ile nilisema, ah, itanihusu nini.

"Mkwe, mbona unatoka jasho?" Baba mdogo Wekesa akaniuliza.

"Ni jua tu, Baba mdogo."

"Na tumefunga madirisha?"

Nikatamani kuifungua pale pale nihifadhi. Lakini kuamka kunakula umeme kuliko kulala, na taa ile ilishaanza kupepesa. Ikizimika mikononi mwangu, jicho limekwenda. Nikapanga hivi: tukifika, kwanza chaji kwenye jenereta, halafu niingie chumba chochote peke yangu bila waya wa spika, nifungue, ikiamka vibaya iamke vibaya huko, nihifadhi, nizime, niiwashe upya kama Mkristo. Ulikuwa mpango mzuri. Njiani nikamfundisha Baba mdogo nyaya tatu, wa chaji, wa spika na wa projekta, ili mambo yaende haraka. (Angalieni jinsi mtu anavyojichimbia.)

Tulipofika Myanga ibada ilikuwa imeanza. Watu wamejaa, kwaya imesimama, na meza ya mbele, ile yenye projekta na amplifaya, pembeni yake kabisa amekaa Mama. Nafula yuko karibu naye, ameshika kitabu cha nyimbo. Nikasimama pale pale kama nimegonga ukuta.

Baba mdogo Wekesa akanyoosha mikono. "Lete. Wewe huwezi kupita pale."

"Baba mdogo, ngoja kwanza niiangalie chumbani kidogo..."

"Chumbani kwa nani, mkwe? Kwa mama mkwe wako?"

Nikampa. "Weka chaji tu," nikamnong'oneza, "chaji tu, usiifungue mpaka nikupe ishara, tafadhali."

"Mimi si mtoto," akasema, akaenda nayo.

Nikaketishwa nyuma kabisa, upande wa wakwe, mahali ambapo Mama hawezi kuniona wala mimi kumwona vizuri. Nilimwona Baba mdogo akiinama mezani, akachomeka chaji. Nikapumua. Kisha akachomeka na waya wa spika. Kisha wa projekta. Zote tatu, kwa mpangilio niliomfundisha, mwanafunzi bora kabisa. Nikaanza kumpungia Nafula mkono, naye akanipungia akitabasamu, akadhani nasalimia. Nikamtumia ujumbe kwa simu. Simu yake ilikuwa ndani ya nyumba. Mzee aliyekaa kando yangu akaniambia kwa upole, "Tulia kijana, chakula kitafika."

Mama akasimama kusema. Sauti yake si kubwa lakini imezoea darasa, kila mtu alinyamaza. Akasema jinsi mzee alivyokuwa mtu wa kuamka mapema. Akasema jinsi alivyougua siku chache tu. "Akaniacha na watoto," akasema, "na picha moja. Na hiyo picha nayo ikataka kuniacha." Mwanamke mmoja akaanza kupangusa macho, na Baba mdogo Wekesa, mtu wa haraka, akafikiri hapo ndipo picha inapotakiwa. Nikamwona mkono wake ukienda kwenye mfuniko. Nikainuka nusu. Akafungua.

Shuka ukutani ilibaki nyeupe. Skrini haikuwaka. Na kutoka kwenye spika mbili kubwa za kwaya kikatoka kicheko changu.

Si chote. Draiva haikukumbuka mahali ilipoachia, kwa hiyo kifaa cha sauti kilishika kile kipande kidogo kilichokuwa kimebaki mkononi mwake, pale kileleni kabisa, na kwa kuwa hakuna aliyekiletea kingine kikawa kinakirudia hicho hicho. Hii-hi! Hii-hi! Hii-hi! Bila kuchoka, bila kupumua, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Mwanzo watu hawakuelewa. Halafu Nafula akageuka akaniangalia, maana kicheko kile anakijua, na alipogeuka yeye, kwaya nayo ikageuka, na hema lote likageuka, safu baada ya safu, kunitazama mimi niliyekaa pale mdomo umefungwa.

"Ati mkwe anacheka?" mtu akauliza.

"Hacheki. Ni mashine."

"Lakini ni yeye!"

Mzee mmoja wa kanisa akainua mkono juu ya laptopu akaanza kukemea, "Ashindwe! Ashindwe!" Na kicheko kikamjibu vile vile.

"Zimeni hiyo kitu!" wakaanza kupiga kelele.

Hapo mimi, ambaye nilipaswa kuingia chini ya kiti nikae huko, nikasimama juu ya kiti nikapaza sauti kuliko wote: "Msizime! Tafadhali msizime!"

Mnaona picha hiyo? Mkwe mtarajiwa, juu ya kiti, kwenye kumbukumbu ya baba mkwe, anawaomba watu wasizime kicheko chake. Ni mimi peke yangu niliyejua mzee yuko hai bado mle ndani, ndani ya kumbukumbu isiyo na kitu kingine cha kuishikilia ila ule umeme. "Funika!" nikalia. "Baba mdogo, funika tu!"

Baba mdogo Wekesa akafunika. Kimya. Mashine imelala. Mama alikuwa bado amesimama, hajasogea hata hatua, ameshika ncha ya leso yake. Akakohoa kidogo akasema, "Kama nilivyokuwa nikisema," na mimi nikampenda kwa hilo, wallahi nikampenda (mimi ni Mkristo, lakini kwa siku kama hiyo unaazima hata kiapo cha jirani). Nikaanza kushuka kwenye kiti polepole.

Na Baba mdogo akafungua tena. Ati aone kama imepona.

Hii-hi! Hii-hi!

Sasa nia njema ndiyo iliyotumaliza. Mwenye jenereta alikuwa nyuma ya nyumba, akasikia makelele, akaona aibu ya ukoo, akafanya alichoweza. Akazima jenereta. Spika zikafa, kicheko kikakatika, na hema zima likashusha pumzi. Mtu akasema "Asante Yesu." Mimi peke yangu nikajua maana yake: chaji imekatika, laptopu iko wazi, iko macho, inaendelea kula betri isiyo na kitu. Nikaiona ile taa kutoka nyuma. Sasa ilikuwa nyekundu.

Nikakimbia.

Nilipita katikati ya viti, nikagonga sufuria ya mtu, nikaruka waya wa projekta, kichwani mwangu kukiwa na wazo moja tu, nifunike kabla haijafa. Watu waliokuwa wametulia sasa hivi wakaona mwanamume mzima anamkimbilia mama mkwe wake kwa kasi. Na Mama, ambaye alikuwa karibu zaidi na meza, alikuwa tayari ameweka mkono wake juu ya mfuniko, na yeye anataka kuufunika ule mdomo wa shetani. Mkono wangu ukaja juu ya wake. Tukaifunika pamoja.

Kile kicheko watu wangekisahau. Hilo la mikono hawakulisahau. Hema likatoa sauti moja, "Aaaa!", kama watu wanaoona kikombe kinaanguka, na mama mkwe wangu akaupokonya mkono wake, akajifunika uso kwa leso, akageuka. Mimi nikaangalia taa. Ilikuwa imezimika. Nikabonyeza, nikabonyeza, hakuna. Na badala ya kurudi nyuma, kuomba radhi kupitia mtu, kufanya lolote ambalo mtoto aliyelelewa angefanya, nikamwambia yeye mwenyewe, uso kwa leso: "Mama, sura ya mzee ilikuwa humu. Imepotea."

Baba mdogo Wekesa akanishika mkono akanitoa.

Nilikaa nyuma ya jiko, kwenye gogo, moshi ukiniingia machoni, na niliushukuru ule moshi. Huko hemani waliimba tenzi bila mashine, na ikaenda vizuri. Nafula akaja akasimama mbele yangu.

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Jogoo," nikasema.

"Jogoo?"

"Alipanda juu ya printa."

"Mama hajala," akasema, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Wazee wakakaa kweli baada ya chakula, ila si habari ya ng'ombe. Nililetewa uamuzi nikiwa pale pale kwenye gogo: nimemgusa mama mkwe na kumsemesha mdomo kwa mdomo, kwa hiyo nirudi na kondoo na shuka ya kumfunika, tusafishe hilo kwanza. "Mambo ya ng'ombe," Baba mdogo Wekesa akasema, "tutayaongea ukijua kukaa." Nilirudi Kitale nikiwa nimeweka laptopu kwenye begi.

Nilimtengeneza mzee upya kutoka kwenye ile ya jicho moja. Safari hii nilihifadhi kila nikigusa kitu, Barasa akawa anapiga miayo mashine ikiganda. Nilitumia njia ile ile, jicho lililogeuzwa na kidogo la Nafula, mpaka nikaapa ni yule yule aliyepotea. Nikapeleka kondoo, nikapeleka shuka, wazee wakapokea. Kisha nikakaa kwenye benchi barazani, mgongo kwa mlango, Nafula akaibeba laptopu akaipitisha nyuma ya pazia kwa mama yake.

Nikaanza kuhesabu dhambi zangu.

"Huyu ni nani?" Mama akauliza.

Nafula akasema, "Ni Baba."

"Mdomo ni wake. Hili jicho si lake. Hili ni lako wewe. Mzee alichomwa jicho na bua la mtama akiwa mtoto. La kushoto lilikuwa dogo, likishuka huku pembeni. Kila mtu aliyemjua analijua. Hivi hii ndiyo mngeiweka ukutani siku ile, watu wote wakitazama? Mimi ningesimama pale niseme nini?"

Jasho likanitoka upya, jipya kabisa. Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba ningeweza kuirudisha ile sura yote, bila kosa la mashine hata moja, na bado nimletee mwanamke mume wa mtu mwingine mbele ya watu.

Basi tukaanza. Yeye anasema nyuma ya pazia, Nafula ananiletea, mimi navuta kope chini kidogo, Nafula anarudisha. "Zaidi." Anarudisha. "Hapana, sasa analia, hakuwa mtu wa kulia." Anarudisha. Mchana ukaenda hivyo, Nafula akiingia nyuma ya pazia na kutoka, na kila mara mimi nikihifadhi kabla sijampa. Watu huniambia siku hizi draiva zimeerevuka, kompyuta zinalala na kuamka kama watoto wa shule ya bweni. Nawaambia sawa, nimefurahi kusikia. Mimi sijalaza kompyuta tangu Myanga na sitalaza. Nahifadhi, nazima, nasubiri taa zote zife, ndipo nafunika.

Kwenye zamu ile ya mwisho Nafula aliingia na hakutoka. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia Mama akisema kitu kwa Kibukusu, polepole, na hakikuwa changu wala cha Nafula.

Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie aache hapo. Asiguse tena. Huyo ndiye."

Nafula akaniletea laptopu, machozi yanamtiririka. Nikahifadhi.

"Amehifadhi?" Mama akauliza.

Nikamwambia Nafula, "Mwambie ndiyo."

"Mwambie ahifadhi tena."

Nikahifadhi tena.